Swichi Itiiyo Msukumo

Bila shaka wengi wenu mmepata kufika katika zahanati au shule iliyo na kisima chake na pampu ya umeme. Mtu afungua bomba anawe mikono. Maji yatoka kwa nguvu, kisha yalegea kidogo, na ghafula, katika kile kibanda cha uwani, pampu yaanza kunguruma. Mtu afunga bomba aenda zake. Pampu yaendelea kunguruma kwa muda, kisha yasikika sauti ndogo, "tak!", nayo yanyamaza. Hakuna aliyeigusa. Mlinzi yuko langoni, fundi yuko mjini. Basi ni nani aliyeiamuru ianze, na ni nani aliyeiambia kwamba yatosha?

Mwanafunzi mmoja alipata kutujibu kwamba pampu husikia bomba likifunguliwa. Jibu lake halikuwa baya. Kweli kuna kitu kisikiacho, ila hakina masikio. Husikia kwa kusukumwa. Nacho ni kisanduku kidogo, kisichozidi sana ngumi ya mtu mzima, kilichofungwa juu ya bomba karibu na tangi la chuma. Mafundi hukiita swichi ya presha. Sisi tutakiita swichi ya msukumo, kwa kuwa neno hili laeleza kazi yenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya msukumo, maana wengi huuchanganya na uzito au na nguvu tu. Tazama pini ya kubandikia karatasi katika ubao wa matangazo. Nguvu ya dole gumba ni ile ile kichwani na nchani, walakini kichwa kipana hakimdhuru mwenye kuisukuma, na ncha yatoboa ubao. Nguvu ikikusanywa mahali padogo, msukumo ni mkubwa. Ikitandazwa mahali papana, msukumo ni mdogo. Ndiyo sababu mafundi huhesabu ni ratili ngapi zinazolemea kila inchi moja ya mraba. Wajazao upepo magurudumu wamekwisha kuizoea hesabu hiyo: gurudumu la motakaa ndogo hutiwa ratili 30 hivi. Tangu hapa tukitaja ratili, tutakuwa na maana ya ratili kwa inchi ya mraba.

Maji nayo husukuma. Chukua debe bovu, ulitoboe matundu matatu ubavuni, moja juu, moja katikati, moja chini, kisha ulijaze. Utaona tundu la chini ndilo litoalo maji kwa nguvu kupita mengine, kwa kuwa limelemewa na maji yote yaliyo juu yake. Kila mita moja ya kimo huongeza ratili 1.4 hivi. Kwa hiyo tangi lililoinuliwa mita 10 juu ya mnara laleta bombani ratili 14, wala halihitaji swichi wala mashine nyingine ya kusukuma. Kimo chake chatosha. Lakini si kila mtu awezaye kujenga mnara. Asiye na mnara huweka chini tangi la chuma lililofungwa pande zote, lenye hewa ndani yake, na kuyasukumia humo maji kwa pampu. Hewa yabanwa kama springi, nayo ikibanwa huyasukuma maji yarudi nje. Hapo ndipo swichi yetu ihitajiwapo, maana pampu haina akili ya kujua kwamba tangi limejaa.

Sasa tukifungue kisanduku, umeme ukiwa umekwisha kukatwa kwenye swichi kuu. (Jambo hili tunalitaja mara moja tu, lakini mtu asilisahau hata mara moja.) Mnajua jinsi ngozi inavyowambwa juu ya mzinga wa ngoma. Chini ya swichi mna kitundu kilichoungana na bomba la maji, na juu ya kitundu hicho pamewambwa kiwambo cha mpira mgumu mfano wa ile ngozi. Katika swichi nyingine kiwambo ni bati jembamba. Maji hukisukuma kiwambo kutoka chini. Upande wa juu pana springi nene ikikisukuma kishuke. Basi chombo chote ni mizani: huku maji, huku springi. Tuseme kiwambo kina eneo la inchi moja ya mraba. Maji yakiwa na ratili 40, na springi imekazwa kwa ratili 50, springi yashinda na kiwambo chabaki chini. Maji yakizidi ratili 50, kiwambo chainuka, chainua wenzo mdogo, na wenzo watenganisha vipande vya madini vilivyokuwa vikigusana. Vikigusana, umeme hupita ukaenda kwenye mota ya pampu. Vikiachana, njia ya umeme imekatika, na pampu yanyamaza. Juu ya springi kuna nati. Ukiikaza, waongeza jiwe katika mizani, ukiilegeza, waliondoa.

Kwa kazi za msukumo mkubwa sana, kiwambo cha mpira hakifai. Huko hutumika pistoni ndogo, au kibomba cha shaba kilichopindwa kama mundu, ambacho msukumo ukiingia ndani yake hujaribu kunyooka. Kibomba hicho alikipatia haki ya uvumbuzi Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849, na ndicho kilicho ndani ya geji nyingi zenye mshale mpaka leo.

Hapa sasa ndipo penye akili ya chombo chenyewe, na twaomba wasomaji watulie kidogo. Mtu aweza kudhani kwamba swichi yahitaji hesabu moja tu: chini ya ratili 50 pampu iende, juu ya ratili 50 isimame. Lau ingekuwa hivyo, pampu ingekufa upesi. Fikiri: maji yafika 50, pampu yasimama. Mtu achota kikombe kimoja, msukumo washuka kidogo, pampu yaanza. Baada ya nukta moja imekwisha kufika 50, yasimama. Bomba lenye kuvuja tone kwa tone lingeiamsha na kuilaza usiku kucha. Na mota ya umeme, kila inapoanza, hunywa umeme mara kadha kuliko inapokuwa katika mwendo wake, na umeme huo hugeuka joto ndani ya nyaya. Mota iamshwayo mara mia kwa saa haipati nafasi ya kupoa.

Kwa hiyo swichi njema ina hesabu mbili. Mathalan, pampu nyingi za majumbani hupangwa kuanza ratili 30 na kusimama ratili 50. Baina ya hizo mbili swichi haibadili neno lake: kama pampu ilikuwa ikienda, iende, kama ilikuwa imelala, ilale. Wenzo umefungwa pamoja na springi ndogo inayopindukia ghafula, kama kifuniko cha mkebe kilichobonyea, ambacho ukikisukuma polepole hakifanyi neno, kisha kwa mara moja chalia "tak!" kikageukia upande wa pili. Kukirudisha hakutoshi kukiacha tu. Sharti ukisukume tena upande mwingine. Ndiyo ile sauti isikikayo kibandani. Na mgeuko huo wa ghafula una faida ya pili: vipande vya umeme vikiachana polepole, cheche huruka baina yao na kuviunguza, lakini vikiachana kwa mara moja cheche haipati muda wa kula madini.

Katika swichi nyingi za pampu utaona nati mbili, kubwa na ndogo. Kubwa hupandisha au kushusha hesabu zote mbili pamoja. Ndogo hupandisha hesabu ya kusimama peke yake, ikizidisha nafasi iliyo kati. Tumewaona watu wakizungusha nati ndogo kwa kutaka maji yawe na nguvu asubuhi, kisha wakashangaa kwamba pampu haisimami kabisa. Wamepanga hesabu ambayo pampu yao haiwezi kuifikia.

Nafasi ile ya ratili 20 yaleta maji kiasi gani? Wanafunzi wapendao hesabu waifanye wenyewe kwa kanuni ya Robert Boyle ya mwaka 1662, ila wakumbuke kuongeza uzito wa hewa ya nje, ambao pwani ni ratili 14.7. Chukua tangi la lita 100, ambalo kabla ya kutiwa maji limejazwa hewa ya ratili 28, yaani 2 chini ya hesabu ya kuanzia, kama ilivyo desturi ya mafundi. Tangi hilo latoa lita 29 hivi kabla pampu haijaamka, kama debe moja na nusu. Siyo nyingi, lakini ni vikombe vingi vya maji bila kuisumbua mota hata mara moja.

Lakini hewa hiyo hutoroka. Katika matangi ya namna ya zamani, ambamo maji na hewa hugusana, hewa huyeyuka ndani ya maji kidogo kidogo na kuondoka nayo. Katika matangi yenye mfuko wa mpira ndani, mpira huweza kupasuka. Hewa ikiisha, tangi limejaa maji matupu, na maji hayabaniki kama hewa. Ndipo kikombe kimoja chatosha kushusha msukumo kutoka 50 hadi 30, na hesabu zetu mbili zawa kama moja.

Jambo hili lilitupata katika chuo tulichokuwa tukifundisha. Wanafunzi walianza kusema kwamba pampu "inapiga makofi" usiku: tak, tak, tak, bila kukoma. Mfanyakazi mmoja, aliyetaka kulala, na kwa kweli hatumlaumu sana, alikifungua kile kisanduku akachomeka kijiti ili vipande vishikane, kelele zikome. Zikakoma. Pampu ikaenda moja kwa moja usiku kucha mabomba yakiwa yamefungwa, ikiyazungusha maji yale yale ndani yake mpaka yakawa moto. Asubuhi tulikuta kibanda kinanuka varnishi iliyoungua. Mota ilikuwa imekwisha. Muda wa wiki tano wanafunzi walichota maji mtoni kwa ndoo, na masomo ya kwanza ya asubuhi yakapotea karibu kila siku. Fundi alipokuja, alilibisha tangi kwa fundo za vidole, juu mpaka chini, akasikiliza. Lililia sauti moja, ya kitu kilichojaa. Akasema, "Hamkuwa na ugonjwa wa swichi. Hewa ndiyo iliyokwisha." Pampu ya baiskeli na saa moja ya kazi ingetosha.

Zipo pia swichi za pampu zilizo na kishikio kidogo ubavuni. Msukumo ukishuka mno, kama ratili 10 chini ya hesabu ya kuanzia, swichi hufahamu kwamba kisima kimekauka au bomba limepasuka, nayo hukata umeme ikakataa kuanza tena mpaka mtu aje akiinue kishikio kwa mkono. Katika nchi yenye kiangazi kirefu, twaona kishikio hicho chafaa bei yake.

Sasa tutoke kisimani. Penye kuziba magurudumu kando ya barabara kuna mashine ya kushindilia hewa, na swichi yake ni ndugu wa hii, ila hesabu zake ni kubwa, pengine kuanza 90 na kusimama 120. Mashine hiyo ikisimama husikika "pshii" fupi. Wengi hudhani hewa yavuja. Sivyo. Swichi, pamoja na kukata umeme, hufungua kilango kidogo na kuiachia nje hewa iliyobaki katika kibomba kati ya mashine na tangi, ili mota itakapoanza tena isianze ikiwa imebeba mzigo. Pshii hiyo ikikosekana, ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Ndani ya motakaa swichi hii imegeuzwa kichwa chini. Ukizungusha ufunguo, taa nyekundu yenye mfano wa birika la mafuta huwaka, kwa kuwa vipande vyagusana wakati hakuna msukumo. Injini ikianza, pampu ya oili husukuma, ratili chache tu zatosha, kiwambo chainuka na taa yazimika. Taa ikiwaka njiani, maana yake oili haisukumwi, na vyuma vya injini vyasagana vikavu. Dereva asemaye "nitafika kwanza mjini ndipo niongeze oili" huenda asifike, maana injini yaweza kuharibika kwa dakika chache. Tena taa hiyo haipimi wingi wa oili. Oili yaweza kuwa tele na pampu yake imekufa. Yaweza kuwa imepungua sana na taa bado imezimika. Kipimo cha wingi ni kile kijiti cha kuchovya, nacho hakina umeme.

Malori makubwa na mabasi hufunga breki kwa hewa iliyoshindiliwa. Kila dereva akanyagapo, hewa kidogo hutumika. Katika mteremko mrefu kama wa Kitonga, katika njia ya Morogoro na Iringa, dereva akanyagaye na kuachia, akanyagaye na kuachia, aweza kuimaliza hewa upesi kuliko mashine iwezavyo kuijaza. Kwa hiyo pana swichi iliyo macho: hewa ikishuka hadi ratili 60 hivi, taa huwaka na kengele hulia, nayo hulia wakati bado hewa ya kulisimamisha gari ipo. Kuna watu wakatao waya wa kengele hiyo kwa kuwa yawasumbua asubuhi gari linapojazwa hewa. Twaandika neno hili kwa masikitiko: abiria wa nyuma hana njia ya kujua kwamba waya umekatwa.

Mashine za kugandisha barafu, kama zile za viwanda vya samaki vya Mwanza, zina swichi mbili. Moja huangalia msukumo wa gesi ya kupoozea ukishuka mno, nyingine ukipanda mno. Ile ya chini, gesi ikirejea, mara nyingi hujifunga yenyewe na kazi yaendelea. Ile ya juu kwa kawaida haijifungi. Yangoja mtu aje aibonyeze. Aliyeitengeneza hakusahau, amekusudia. Msukumo ukipanda mno kuna sababu, pengine feni imekufa au mabomba ya kutolea joto yamezibwa na vumbi, na kama mashine ingejiwasha tena kila mara, hakuna ambaye angekwenda kutazama.

Tumeacha mvuke mwisho kwa sababu ndio wenye hatari kubwa kupita yote. Hospitalini vyombo vya upasuaji huchemshwa ndani ya chungu cha chuma kilichofungwa, penye mvuke wa joto la nyuzi 121. Pwani, joto hilo hupatikana geji ikionyesha ratili 15. Lakini swichi haijui joto. Yajua tu jinsi msukumo wa ndani unavyouzidi ule wa nje. Huko Nairobi, ambako hewa ya nje ni nyepesi, ratili 12 hivi, hakuna budi geji ionyeshe karibu 17 na nusu ili joto liwe lile lile. Chungu kilichopangiwa Mombasa kikipandishwa Nairobi bila kurekebishwa, swichi yake itazima moto mapema, vyombo vitatoka vimelowa mvuke na kupendeza macho, na huenda vijidudu vikawa hai bado.

Katika matangi makubwa ya mvuke ya viwandani, swichi ya kwanza hupunguza au kuzima moto kila siku mvuke ukitosha. Ya pili imepangwa juu kidogo, ya kubonyezwa kwa mkono, iwapo ya kwanza itakwama. Maana hukwama: cheche zaweza kuyeyusha vipande vikagandamana, na kutu yaweza kukiziba kile kitundu cha chini hata kiwambo kisisikie kitu. Na juu ya zote mbili pana vali ya usalama, ambayo mfano wake wa kwanza ulikuwa katika chungu cha Mfaransa Denis Papin, katika karne ya 17. Hiyo haihitaji umeme wala waya. Ni kifuniko kilichokandamizwa kwa springi au jiwe. Mvuke ukizidi, hukiinua ukatoka. Mtu akiona vali hiyo inavuja akaifunga kwa bolti, amekiondoa kinga cha mwisho.

Hata hivyo, tusidhani ulinzi huo wote huona kila kitu. Tarehe 20 Machi 1905, katika kiwanda cha viatu huko Brockton, Marekani, tangi la mvuke lilipasuka, jengo likaanguka na kuungua, na watu 58 wakafa. Wachunguzi waliona ufa uliokuwa umejificha katika kiungo cha mabati ya tangi, mahali ambapo jicho halikuweza kufika. Msukumo haukuwa lazima uzidi. Bati ndilo lililokuwa limechoka. Swichi yo yote ya msukumo ingekaa kimya mpaka dakika ile, kwa kuwa yajua jambo moja tu. Jimbo hilo la Massachusetts liliweka sheria za matangi ya mvuke mwaka 1907, na kukagua bati lenyewe kukawa kazi ya watu.

Kuhusu swichi ya pampu, kila shule yaweza kuipima bila fundi. Funga mabomba yote, ngoja pampu isimame, soma geji. Kisha fungua bomba moja kidogo sana, mtu mmoja asikilize kibandani na mwingine asiondoe macho katika mshale, mpaka isikike ile "tak". Andika hesabu zote mbili na tarehe. Katika chuo chetu zimeandikwa kwa rangi ukutani, 30 na 50, na wanafunzi wa zamu hupima siku ya kwanza ya kila muhula. Mara ya mwisho walipata 31 na 49, wakalibisha tangi kwa fundo za vidole, na sehemu ya juu ikalia kama ngoma.